UZI: Betri za lithiamu na inveta kubwa kwenye gari-nyumba, kazi kubwa iko kwenye waya

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za muda huu. Swali la "ninunue betri gani ili nikae porini bila jenereta" linarudi kila mara, na kila mara majibu yanakuwa orodha ya betri. Naomba leo tulijadili kwa mapana, maana betri ndiyo sehemu rahisi kuliko zote: unatoa ya zamani, unaweka mpya. Kinachoamua kama utalala kwa amani ni hesabu uliyopiga kabla ya kununua, na nyaya utakazofunga baada ya kununua.

Tuanze na hesabu. Chukua karatasi, andika kila kitu kinachokula umeme humo ndani. Mbele ya kila kimoja weka mambo mawili: kinavuta wati ngapi, na kwa siku kinawaka kwa muda gani. Wengi wanaandika la kwanza tu na hapo ndipo wanapopotea.

Mfano friji ya kompresa ya volti 12. Ikizunguka huvuta kama ampea 4, na huzunguka karibu nusu ya siku. Hiyo ni kama wati-saa 550 kwa siku (wati-saa ni wati mara saa za kuwaka). Sasa chukua birika la umeme la wati 1500. Linatisha kwa jina, lakini ukilichemsha dakika 5 limekula wati-saa 125 basi. Friji ndogo inakula mara nne ya birika! Kwa hiyo ukubwa wa betri unaamuliwa na friji, feni, laptop, vile vitu vya kimya kimya vinavyowaka saa nyingi. Birika, maikrowevu na mashine ya kukaushia nywele vinaamua ukubwa wa inveta (kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani) na unene wa waya. Ukizitenganisha hesabu hizi mbili kichwani, nusu ya maswali yanajijibu yenyewe.

Kwenye karatasi yetu ongeza laptop ya wati 60 kwa saa nne, 240. Taa za LED, pampu ya maji na feni, tuseme 200. Jumla imefika kama 1100.

Bado kuna mlaji mmoja ambaye haandikwi: inveta yenyewe. Inveta ya wati 2000 ikiwa imewashwa tu, haina mzigo wowote, mara nyingi huvuta wati 10 hadi 25. Kwa wati 20, saa 24 ni wati-saa 480, karibu sawa na friji! Mtu analala akiwa hajachomeka kitu, asubuhi anashangaa betri imeshuka. Tafuta inveta yenye swichi ya mbali au hali ya kusinzia, uizime usiku. Na iwe ya wimbi safi, yaani umeme laini kama wa nyumbani. Zile za wimbi la kukadiria zinafanya mota zipate moto na baadhi ya chaja zigome.

Sasa betri. Ya maji au jeli (hizi zote ni za risasi) ya 100Ah, yaani ampea-saa 100, usihesabu zaidi ya nusu yake, kama wati-saa 600, ukiishusha zaidi mara kwa mara unaiua. Halafu ule ujazo wa 100Ah hupimwa ikitolewa polepole kwa saa 20, ukiivuta kwa nguvu inatoa pungufu ya hapo. Lithiamu ya fosfeti ya chuma (LiFePO4) ya 100Ah ina volti 12.8, yaani wati-saa 1280, na unaweza kutumia asilimia 80 au zaidi bila wasiwasi. Ina uzito wa kilo 11 hadi 13 hivi, ile ya risasi inakaribia 30. Na inavumilia kuchajiwa na kutumika mara elfu mbili kwenda juu, ya risasi huhesabiwa kwa mamia.

Kwa matumizi ya karatasi yetu, inveta ikizimwa isipotumika, 200Ah ya lithiamu inakupa karibu siku mbili bila jua hata kidogo. Hapo ndipo ningeanzia.

Maswali karibuni.

#2 Mdau

Mkuu umetufungua macho. Swali langu: naweza kung'oa betri mbili za maji nikaweka lithiamu palepale, vingine vyote vikabaki? Muuzaji anasema "unachomeka tu".

#3 Mleta uzi

Ndugu, lile umbo la kutoshea kwenye nafasi ya zamani ni kweli. Ila kuna vitu vitatu vinavyochaji betri yako, na vyote vilitengenezwa kwa kufikiria risasi.

Kwanza ile chaja ya ndani ya gari, inayofanya kazi ukiwa umechomeka umeme wa kambi. Lithiamu inataka volti 14.2 hadi 14.6, kisha ipumzike kwenye 13.5 hivi. Chaja nyingi za zamani hazifiki hapo, zinaishia 13.6, kwa hiyo betri itajaa pole pole mno au haitajaa. Nyingine zina hatua ya kusawazisha inayopandisha volti hadi 15 na zaidi. Hiyo hatua izimwe kabisa. Pia marekebisho ya chaji kufuata joto, ambayo ni mazuri kwa risasi, kwa lithiamu yazimwe.

Pili ni altaneta ya injini, na hapa naomba msikilize vizuri. Betri ya risasi ikichajiwa hujizuia yenyewe, inapokea kidogo kidogo. Lithiamu upinzani wake wa ndani ni mdogo sana, inapokea chochote unachoipa. Altaneta inajikuta inatoa nguvu yake yote kwa saa nzima, na kama injini iko sailensa (inanguruma gari limesimama) feni yake haizunguki vya kutosha kuipooza. Inaungua. Na kuna la zaidi: ubao wa ulinzi ndani ya betri, BMS, ukiamua kukata ghafla wakati altaneta inatoa ampea nyingi, volti inaruka juu na kuua dayodi za altaneta, pengine na vifaa vingine. Dawa ya yote mawili ni chaja ya DC kwenda DC katikati ya altaneta na betri ya ndani. Ya ampea 30 au 40 inatosha magari mengi. Inaweka kikomo cha mkondo, inapanga volti sahihi, na betri ya kuwashia injini inabaki peke yake.

Tatu ni kidhibiti cha sola. Wengi wako salama hapa, vidhibiti vya MPPT (aina inayovuna nguvu nyingi zaidi kwenye paneli) karibu vyote vina mpangilio wa lithiamu. Ingia kwenye mpangilio ubadilishe, usiache ule uliokuja nao.

Na usiunge lithiamu sambamba na betri ya zamani ya risasi "ili isipotee". Volti zao hazilingani, moja itakuwa inamchaji mwenzake muda wote.

#4 Mdau mwingine

Wakuu nina tatizo naomba msaada. Nina lithiamu 200Ah na inveta ya wati 2000, vyote vipya. Laptop, televisheni, chaja, safi kabisa. Nikiwasha birika la wati 1500, inveta inapiga kelele kama sekunde kumi halafu inajizima. Betri inaonyesha asilimia 80. Nimeambiwa inveta ni feki, nirudishe.

#5 Mleta uzi

Usiirudishe bado mkuu. Betri ipo wapi, inveta ipo wapi, na waya wa milimita ngapi za mraba?

#6 Mdau mwingine

Betri ipo nyuma chini ya kitanda. Inveta nimeiweka mbele karibu na jiko, soketi zipo huko. Kama mita tano. Waya ni wa 16, fundi alisema ni mnene wa kutosha, alitumia huohuo kwenye nyumba.

#7 Mleta uzi

Tumeshapata mtuhumiwa. Twende taratibu ili na wengine wajifunze.

Wati 1500 kwenye umeme wa nyumba wa volti 230 ni ampea 6 na nusu. Wati hizohizo kwenye volti 12, ukiweka na hasara ya inveta ya asilimia 10, ni ampea 140. Volti zikishuka kidogo, inveta inavuta zaidi kufidia, unafika 160. Kwa hiyo waya uliotosha nyumba nzima hapa hautoshi birika moja.

Mita tano kwenda na tano kurudi ni mita kumi za shaba. Waya wa milimita 16 za mraba kwa mita kumi una upinzani wa kama miliohmu 11. Zidisha kwa ampea 160, unapoteza volti 1.7 njiani kabla hata ya kuhesabu maungio. Betri ina 12.8, kwa inveta inafika 11.1, na maungio yanaishusha zaidi. Inveta nyingi zinaanza kulia karibu na 11 na kujizima karibu na 10.5. Ya kwako inafanya kazi yake sawasawa.

Fanya kipimo hiki. Chukua multimita, mtu awashe birika, wewe pima haraka kabla haijakata: kwanza kwenye nguzo za betri zenyewe, halafu kwenye nguzo za inveta. Baadaye weka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye chanya ya inveta, utaona volti zinazopotea upande wa chanya peke yake. Rudia upande wa hasi. Ukimaliza, pima kila kitu kilicho njiani: swichi, kishikilia fyuzi, kila kichwa cha waya. Pima kwenye chuma cha nguzo, siyo kwenye nati. Popote mita inapoonyesha zaidi ya sehemu ndogo sana ya volti, hapo pana ugonjwa.

Usidharau ungio moja bovu. Upinzani wa miliohmu 1 tu, ambao multimita ya kawaida haiwezi hata kuupima, kwa ampea 185 (mzigo kamili wa inveta ya 2000) unatoa joto la wati 34. Hiyo ni sawa na chuma cha kulehemea risasi kimewashwa ndani ya kabati yako, chini ya godoro.

#8 Fundi umeme

Nimefuatilia uzi kimya, hapa lazima niseme. Kaka wa birika, fyuzi yako ni ya ampea ngapi?

#9 Mdau mwingine

Ya 200 dada. Ilikuja na inveta.

#10 Fundi umeme

Basi naomba usiwashe tena birika wala chochote kikubwa mpaka ubadilishe waya, ukishapima. Wakuu, fyuzi hailindi inveta, fyuzi inalinda waya. Waya wa 16 kwenye kabati lililobanwa haufai kubeba ampea 160 kwa muda. Inveta inakuokoa kwa sababu inajizima mapema. Siku waya ukichunwa ganda na kugusa bodi ya gari kwa mgusano mbovu, zinaweza kupita ampea 190 tu humo, fyuzi ya 200 itakaa inatazama huku ganda linayeyuka.

Kwa inveta ya wati 2000 kwenye volti 12, mzigo kamili ni kama ampea 185. Mimi sishuki chini ya waya wa 70 na fyuzi ya 250, tena kwa umbali mfupi. Hakikisha ni waya laini wa shaba halisi wenye nyuzi nyingi. Kuna waya wa alumini uliopakwa shaba unauzwa kwa unene uleule, kwangua ncha uone rangi ya ndani.

Aina ya fyuzi nayo ina maana. Lithiamu ikipigwa shoti inaweza kumwaga maelfu ya ampea kwa mara moja. Fyuzi isiyo na uwezo wa kukata mkondo mkubwa hivyo inaweza kuyeyuka na bado cheche ikaendelea kuruka ndani yake. Ndiyo maana tunaweka fyuzi ya aina ya Class T kwenye benki kubwa za lithiamu, ina uwezo wa kukata hadi ampea 20,000. Iwe karibu kabisa na nguzo chanya. Kwenye boti wana kanuni ya inchi 7, na kwa gari sioni sababu ya kulegeza. Kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina ulinzi wowote.

Na vichwa vya waya vibinywe kwa koleo la haidroliki la saizi yake, siyo nyundo. Nikipokea gari la mteja kitu cha kwanza ni kuvuta kila kichwa kwa mkono. Vingi vinatoka.

#11 Mdau wa tatu

Asante dada kwa darasa. Sasa kwa nini tusiende volti 24 au 48 kabisa? Mkondo unapungua, waya mwembamba unatosha.

#12 Mleta uzi

Hoja nzito. Ukienda 24 mkondo unakuwa nusu, na joto linalopotea kwenye waya uleule linakuwa robo. Mtu anayetaka inveta ya wati 3000 kwenda juu, awashe kiyoyozi, namshauri asihangaike na 12 kabisa.

Ila gari-nyumba nyingi zimezaliwa na volti 12: taa, pampu, feni, vidhibiti vya friji na hita. Ukiwa na benki ya 24 unahitaji kishusha volti cha kulisha hivyo vyote, kikifa usiku wa manane uko gizani. Chaja ya altaneta nayo iwe ya 12 kwenda 24. Kwa inveta ya 2000 na chini, mimi nabaki 12 na nafupisha waya. Siri ni moja: betri na inveta zikae pamoja, mita moja au chini yake. Umeme wa volti 230 unaotoka kwenye inveta ndio usafirishwe mbali, huo unapita kwenye waya mwembamba wa kawaida bila hasara ya maana. Kaka wa birika hakuwa na haja ya kupeleka inveta jikoni, angepeleka soketi.

#13 Mdau wa nne

Samahani wakuu, mimi naogopa. Hizi lithiamu si ndizo zinazolipuka kwenye simu? Mnalala juu yake?

#14 Mleta uzi

Hofu yako ina msingi, lakini kemia si ileile. Simu na kompyuta kwa miaka mingi zimetumia lithiamu yenye kobalti. Hizi zetu ni za fosfeti ya chuma, ambayo timu ya John Goodenough pale Chuo Kikuu cha Texas iliitangaza mwaka 1997. Mzee huyohuyo ndiye aliyekuwa nyuma ya ile ya kobalti mwaka 1980, na alipata Nobel ya kemia ya 2019 pamoja na wenzake wawili. Kwenye fosfeti oksijeni imeshikwa kwa nguvu sana, haiachii kirahisi joto likipanda, kwa hiyo moto wa kujichochea wenyewe ni mgumu kutokea. Sisemi haiwezekani kabisa. Ila kwenye gari ninaogopa ungio lililolegea kuliko seli.

Tena betri za maji zikichajiwa zinatoa hidrojeni, ndiyo maana huwekwa nje au kwenye sanduku lenye tundu la hewa. Lithiamu haifanyi hivyo katika kazi ya kawaida, unaweza kuiweka ndani, na ni vizuri ukiiweka ndani kwa sababu ya baridi. Chini ya nyuzi 0 usiichaji. Kutumia inaruhusiwa, kuchaji hapana: lithiamu inajipaka kama metali kwenye elektrodi badala ya kuingia ndani yake, na uwezo unaopotea hapo haurudi. Nunua yenye BMS inayozuia chaji ya baridi, au yenye kipasha joto.

#15 Mdau wa tano

Nimefunga inveta yangu, nataka soketi zote za gari ziwake. Naweza kuchukua ule waya wa kuchomeka umeme wa kambi nikauchomeka kwenye inveta?

#16 Fundi umeme

Zitawaka ndugu, lakini na chaja ya ndani ya gari itawaka. Hapo betri inalisha inveta, inveta inalisha chaja, chaja inachaji betri. Umeme unazunguka unaishia kuwa joto na betri inashuka huku ukiamini inachaji. Friji ya gesi na umeme nayo huenda ikahamia kwenye umeme yenyewe, nyingi zinavuta wati 300 na kitu. Ukifanya hivyo, zima chaja kwenye kisanduku cha swichi kwanza na friji iweke gesi.

Njia safi ni swichi ya kubadilisha chanzo, au inveta yenye chaja humohumo ambayo inayo tayari. Kazi yake kubwa ni kuhakikisha umeme wa kambi na wa inveta havikutani hata sekunde moja. Na kuna suala la nyutro na ethi. Ukiwa kwenye inveta, viunganishwe sehemu moja, kwenye inveta. Ukiwa kwenye umeme wa kambi, muunganiko wa kwako uachie, kwa sababu kambi wanao wao. Bila hivyo ama kifaa cha kukata umeme wa kuvuja hakitafanya kazi, ama kitakuwa kinakata hovyo. Hapa kama huna uhakika ita fundi, huu ndio umeme unaoua mtu.

#17 Mdau wa pili

Na kipimo cha betri? Yangu nasoma volti tu.

#18 Mleta uzi

Kwa lithiamu volti hazikuambii kitu. Kati ya asilimia 40 na 70 zinacheza palepale kwenye 13.1 hadi 13.3. Funga shanti kwenye waya wa hasi, inahesabu ampea zinazoingia na kutoka. Sharti lake ni kwamba hasi zote, ya inveta, ya sola, ya bodi ya gari, zipite upande wa pili wa shanti. Ukiacha hata hasi moja iende moja kwa moja kwenye betri, hesabu inakudanganya.

#19 Mdau mwingine (wa birika)

Wakuu nimerudi na vipimo. Birika limewashwa: kwenye betri 12.8, kwenye inveta 10.4. Upande wa hasi unapotea 0.9, upande wa chanya 1.5. Katika hiyo 1.5, swichi kuu ya kuzimia peke yake ni 0.6. Nimeigusa baada ya hapo, ilikuwa ya moto siwezi kushika.

#20 Fundi umeme

Volti 0.6 kwa ampea 160 ni wati 96 ndani ya swichi. Angalia kama imeandikwa ampea ngapi za kudumu, siyo za kuwashia injini. Hizo za bei rahisi zinaandika namba ya sekunde tano kwa herufi kubwa.

#21 Mdau mwingine (wa birika)

Nimeifungua. Imeandikwa 300, na chini kwa herufi ndogo 50 za kudumu.

#22 Mleta uzi

Itoe. Weka ya 300 za kudumu, hamishia inveta chini ya kitanda kwenye ukuta wa pembeni pawe na hewa, waya wa 70 mita moja kila upande, Class T ya 250 kwenye nguzo, halafu vuta waya wa kawaida wa soketi hadi jikoni. Kwa hesabu utabaki unapoteza chini ya 0.1 kwenye waya.

Siku ya kuunga, usigusishe chanya ya inveta moja kwa moja. Ndani kuna kapasita tupu kubwa, zinavuta mkondo mkubwa sana kwa mara ya kwanza, utaona cheche kubwa na BMS inaweza kukata ukadhani betri imekufa. Pitisha kwanza kwenye resista ya ohmu 25 hadi 50 kwa sekunde kadhaa, ndipo ufunge moja kwa moja. Kaza nati kwa spana ya kipimo kulingana na kitabu cha betri, urudie kukagua baada ya safari ya kwanza ya barabara mbovu. Ukimaliza pima tena uweke namba hapa.